Kilo Moja ya Sukari kwa Shangazi: Mafunzo Manane Niliyopata Katika Takwimu

Nilipofika mwaka wa pili chuoni niliijua takwimu kama mgeni anavyoijua njia ya sokoni: najua pa kukata kulia na pa kukata kushoto, mji wenyewe siujui. Fomula zilikaa kichwani. Kisha ukaja mtihani ambao swali lake la mwisho halikutaka hesabu. Lilitaka nieleze kwa maneno yangu maana ya jibu nililolipata. Niliandika sentensi moja, na ndani yake mlikuwa na makosa mawili. Mwalimu aliizungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Umemhukumu nani, na kwa kosa gani?"

Likizo ile nilikwenda Tanga kwa shangazi yangu, mwenye duka la rejareja Ngamiani. Sukari humfikia kwa magunia ya kilo 50. Yeye na kijana wake wa dukani huigawa kwenye vifuko vya kilo moja, wakipima kwa mizani ya mawe. Nami nilikuwa na zoezi la likizo: chagua kitu kinachopimika, chukua sampuli, fanya jaribio la nadharia tete, kisha kokotoa masafa ya imani. Mtaani hakukosekani maneno kwamba wenye maduka wanapunja. Nikaona zoezi limenifuata hadi barazani.

Niliazima mizani ndogo ya betri kwa rafiki yangu anayeoka keki. Nilivipa namba vifuko vyote vilivyokuwepo, nikaandika namba hizo kwenye vikaratasi, nikavichanganya ndani ya kofia na kuchomoa 36 bila kuangalia. Wastani wa vifuko hivyo ulikuwa gramu 988, na mchepuko sanifu, yaani kadiri vilivyotawanyika kuuzunguka wastani huo, gramu 30. Ukigawa 30 kwa kipeuo cha pili cha 36 unapata 5, nayo ndiyo kosa sanifu: kiasi ambacho wastani wa sampuli kama yangu huyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine. Namba hizo chache zilinifunza mengi kuliko muhula mzima.

1. Jaribio huanza kwa kumwamini mtuhumiwa

Mtaani tuhuma hutangulia, ushahidi hufuata ukipenda. Jaribio la nadharia tete huenda kinyume. Mimi niliyekuja kumkamata shangazi nililazimika kuanza kwa kusema: shangazi hapunji. Wastani wa vifuko vyake vyote ni gramu 1000, na huu upungufu wa gramu 12 umeletwa na bahati ya vikaratasi ndani ya kofia. Dai hilo ndilo nadharia tete sifuri, na kazi ya jaribio ni kuuliza kama ushahidi unaweza kukaa nalo chumba kimoja.

Kwa muda mrefu nilidhani huu ni utaratibu wa adabu tu, kama kumwamkia mtu kabla ya kumdai. Sababu yake halisi ni kwamba dai hilo linahesabika. Ukisema "anapunja" hujasema anapunja kiasi gani, kwa hiyo huwezi kubashiri sampuli itaonekanaje. Ukisema "ni 1000 kamili" unapata ubashiri wa wazi, na ubashiri wa wazi unaweza kuumbuka.

Mtakwimu R. A. Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935, *The Design of Experiments*, alilieleza jambo hili kwa kisa cha bibi mmoja Mwingereza aliyedai kwamba akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni au yalifuata. Kwetu, ambako maziwa na majani huchemkia sufuria moja, ubishi huo usingezuka. Fisher aliandaa vikombe 8, vinne vya kila aina, vikachanganywa, na bibi akatakiwa avitaje vile vinne vilivyotangulizwa maziwa. Alianza na dai kwamba bibi hajui lolote, anabahatisha. Njia za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane ni 70, na njia moja tu ndiyo sahihi yote. Mbahatishaji basi ana nafasi moja kati ya 70, kama asilimia 1.4. Lakini kupata angalau vitatu sahihi kunawezekana kwa njia 17 kati ya hizo 70, karibu asilimia 24. Kwa kiwango hicho hata mimi ningesifiwa kuwa na ulimi wa ajabu.

2. Thamani ya p hujibu swali ambalo hukuliuliza

Hesabu yangu ilitoa hivi: gramu 988 ziko makosa sanifu 2.4 chini ya 1000, na thamani ya p ni karibu 0.02. Nilikimbilia daftari na kuandika: "Kuna uwezekano wa asilimia 2 tu kwamba shangazi hapunji." Ni kosa lilelile lililonipatia kalamu nyekundu, isipokuwa safari hii lilivaa jina la ndugu yangu.

Thamani ya p inasema hivi: kama wastani wa kweli ungekuwa 1000, basi kati ya sampuli 100 za vifuko 36, mbili hivi zingekaa mbali na 1000 kwa gramu 12 au zaidi, upande wowote. Hesabu yote imefanyika ndani ya dunia ambamo shangazi hapunji. Haiwezi tena kugeuka na kutuambia uwezekano wa dunia hiyo kuwa ya kweli.

Kilichonifungua macho ni pwani yenyewe. Wavuvi wengi wa Tanga ni wanaume. Je, wanaume wengi wa Tanga ni wavuvi? Hata mtoto wa chekechea atakucheka. Sentensi mbili zina maneno yaleyale, mpangilio umebadilika, na ukweli umebadilika nao. Uwezekano wa data ukishika nadharia ni jambo moja. Uwezekano wa nadharia ukishika data ni jambo jingine. Ili ulijue la pili unahitaji pia kujua ulivyomwamini mtu kabla hujapima, na kwenye hesabu yangu hapakuwa na mstari wowote uliouliza shangazi ameendesha duka miaka mingapi bila mteja kurudisha kifuko.

Nilifarijika kujua kwamba sikujikwaa peke yangu. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kuhusu thamani ya p, na moja ya kanuni zake ni hii hii: p haipimi uwezekano wa nadharia kuwa ya kweli. Wataalamu hawatoi tamko kwa kosa la wanafunzi peke yao.

3. Asilimia 95 ni ya kimia, si ya samaki

Masafa yangu ya imani yalitoka gramu 978 hadi 998. Yanapatikana kwa kuchukua wastani, 988, kisha kutoa na kujumlisha kama makosa sanifu mawili, yaani gramu 10. Kwenye mtihani ule ningeandika kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 wastani wa kweli uko kati ya 978 na 998, na ningekosa tena.

Mfikirie mvuvi anayerusha kimia usiku wa giza, kwenye maji ya magotini. Mahali fulani yupo samaki mmoja ametulia, hasogei. Mvuvi hamwoni, lakini mkono wake ni mzuri: katika mirusho 100, 95 humfunika samaki. Sasa amerusha mara moja, na kimia kimeshatua. Je, samaki yumo? Ama yumo, ama hayumo. Hiyo 95 haikuwa sifa ya mrusho huu ulioko chini. Ni sifa ya mkono uliorusha.

Wastani wa kweli wa vifuko vya shangazi ndio samaki. Ni namba moja, imetulia, haijui kama mimi nipo. Kinachorukaruka ni masafa. Ningechomoa vikaratasi vingine 36 ningepata masafa mengine, na mengine tena. Kwa utaratibu huu, masafa 95 katika 100 yangeifunika namba ya kweli na matano yangeikosa, bila hata moja kupiga kelele kwamba limekosa. Jerzy Neyman, mtaalamu wa Kipolandi aliyeijenga nadharia hii katika makala yake ya mwaka 1937, alikusudia hivyo hasa: dhamana iko kwenye utaratibu.

Wengine huona tofauti hii ni ubishi wa maneno. Kwangu ilibadilisha swali ninalouliza. Siulizi tena "nina uhakika gani na jibu hili?" Nauliza "utaratibu ulioleta jibu hili hukosea mara ngapi?" La kwanza linahusu moyo wangu, la pili linahusu kazi niliyoifanya, na mtu mwingine anaweza kulikagua.

4. Jaribio hutoa hukumu, masafa hutoa kipimo

Kwa wiki kadhaa darasani nilisoma majaribio na masafa kama sura mbili zisizojuana. Kwenye meza ya shangazi niliona ni hesabu moja. Masafa ya asilimia 95 ni orodha ya namba zote ambazo jaribio lenye kizingiti cha 0.05, yaani linalokataa dai p ikiwa chini ya hapo, lisingezikataa. Namba 1000 iko nje ya 978 hadi 998, ndiyo maana p ikawa chini ya 0.05. Ningelijaribu dai la 990, lingepita salama. La 980 pia.

Kisha nikapanua kimia. Kwa asilimia 99 masafa yalitoka 974 hadi 1002, na 1000 ikaingia ndani. Data ni ileile, shangazi ni yuleyule. Kwa kizingiti cha 0.05 ana hatia, kwa kizingiti cha 0.01 yuko huru. Siku hiyo nilielewa kwamba neno "nakataa" likitajwa peke yake ni kama kusema mtu amefungwa bila kutaja miaka.

Mfano ninaoupenda zaidi umetoka Kisumu. Wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilitahiriwa mara moja, jingine lilisubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 22 katika kundi la kwanza na 47 katika la pili, na thamani ya p ilikuwa 0.0065. Ukiishia hapo unajua tu kwamba bahati peke yake inapata tabu kuyaeleza matokeo. Masafa yanakupeleka mbali zaidi: hatari ilipungua kwa asilimia 53, na masafa ya asilimia 95 ni kutoka 22 hadi 72. Hiyo 22 inamwambia mpangaji wa afya: hata pakiwa pabaya, faida ipo. Hiyo 72 inamwambia: hata pakiwa pazuri, kinga si kamili, usiwaambie watu waache kondomu. Hukumu ya p haina sentensi yoyote kati ya hizo mbili.

5. Kutomtia mtu hatiani si kumtakasa

Kabla ya vile vifuko 36 nilikuwa nimeanza na 9. Wastani wake ulikuwa gramu 987, mchepuko sanifu 31. Upungufu ulikuwa mkubwa kidogo kuliko ule wa 36, lakini p ilitoka karibu 0.24. Nikamtangazia kijana wa dukani, kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Imethibitika hakuna kupunja." Siku mbili baadaye nilikuwa nasema kinyume.

Masafa ya vile 9 yangeniokoa kama ningeyaangalia: kutoka 963 hadi 1011. Yanaruhusu shangazi awe anapunja gramu 37, na yanaruhusu awe anaongeza 11. Hayo si uthibitisho wa kutokuwa na hatia; ni ushahidi mchache uliokiri uchache wake. Kwa sampuli ndogo kimia lazima kiwe kipana, na aliyetufundisha kipanuliwe kiasi gani ni William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyekuwa akishughulika na sampuli ndogo. Mwaka 1908 alichapisha makala yake kwa jina la kujificha la Student. Kwa hesabu yake, vifuko 9 hunidai makosa sanifu 2.3 kila upande, si 1.96 ya sampuli kubwa.

Kosa hili lina uzito mkubwa kuliko sukari. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2010 ulikadiria vifo vya uzazi 454 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2015-16 ulikadiria 556. Ukiziweka namba hizo mbili peke yake, mmoja atasema vifo vimeongezeka. Lakini ripoti zina masafa: 353 hadi 556 kwa mwaka 2010, na 446 hadi 666 kwa 2015-16. Mwingine ataona masafa yamepandana, aseme hakuna kilichobadilika.

Wote wawili wamepita kasi. Masafa mawili kupandana hakutoshi kuthibitisha kwamba hakuna tofauti. Tofauti yenyewe ndiyo inayostahili kutengenezewa masafa yake. Nilipoikokotoa kwa kalamu nilipata takribani kupungua kwa vifo 50 upande mmoja na kuongezeka kwa 250 upande wa pili. Jibu la haki ni kwamba data haitoshi kusema vilipanda, na haitoshi pia kusema havikupanda. Sentensi hiyo haipendezi kwenye kichwa cha habari. Kwa mama anayesubiri zamu yake wodini, hata hivyo, "haijathibitika vimeongezeka" ikigeuzwa kuwa "havijaongezeka" ni hatari tupu.

6. Tofauti inaweza kuwa ya kweli na isiwe na maana sokoni

Tuseme kiwanda kinapima vifuko 10,000 na kupata wastani wa gramu 999, mchepuko ukiwa uleule wa 30. Kosa sanifu sasa ni 0.3 tu. Gramu moja iliyopungua ni zaidi ya makosa sanifu matatu, na p inashuka chini ya 0.001. Kwa lugha ya vitabu tofauti hiyo ni muhimu kitakwimu, na nyota tatu hupachikwa kwenye jedwali. Kwa lugha ya jikoni, gramu moja ya sukari ni kama robo ya kijiko cha chai. Hakuna kikombe kitakachojua.

Mimi nilikuwa nikisoma p ndogo kama tofauti kubwa. Kumbe p ni mchanganyiko wa vitu vitatu: ukubwa wa tofauti, mchepuko, na wingi wa data. Ukiongeza vifuko vya kutosha, tofauti yoyote isiyo sifuri kamili itaonekana. Kwa hiyo swali la "ni kubwa kiasi cha kujali?" halijibiwi na mtakwimu, linajibiwa na mnunuzi, au daktari, au mkulima, na inafaa walijibu kabla hawajaona data.

Hata kile kizingiti cha 0.05 hakikushuka kutoka mbinguni. Fisher alikitaja katika kitabu chake cha mwaka 1925 kama kiwango kinachofaa kwa urahisi wa kazi, nafasi moja katika ishirini, na walimwengu wakakigeuza ukuta. Ukiambiwa p ya 0.049 ni ushindi na ya 0.051 ni kushindwa, jua umeshaacha kupima, umeanza kuabudu.

7. Ukichokora sana, hukosi kitu

Sasa niungame. Baada ya kupata ile 0.02 nilitaka kujua mkosaji ni nani hasa. Kwa kila kifuko nilikuwa nimeandika kilifungwa asubuhi au jioni, nani alikifunga, kilitoka gunia lipi, kilipangwa rafu ya juu au ya chini, na mengine. Nikaanza kulinganisha: asubuhi na jioni, Jumamosi na siku nyingine, juu na chini, kamba nyekundu na kamba nyeupe. Linganisho la tisa likatoa p ya 0.04: vifuko vilivyofungwa jioni vilikuwa vyepesi. Na jioni ni zamu ya kijana wa dukani.

Karibu nilipeleke jina lake mezani. Kilichonizuia ni hesabu ndogo niliyoifanya usiku, nikipigana na mbu. Kama hakuna tofauti yoyote ya kweli, linganisho moja lina nafasi ya asilimia 5 ya kunidanganya. Malinganisho kumi yasiyotegemeana yana nafasi ya karibu asilimia 40 kwamba angalau moja litanidanganya. Nilikuwa nimechokora jalala zima, nikainua kipande kimoja kinachong'aa, na nilikuwa tayari kukiita dhahabu, bila kutaja ukubwa wa jalala.

Jaribio lina haki tu kama swali limeulizwa kabla ya jibu kuonekana. Ukiona kwanza, kisha ukauliza, p haijui ulivyofanya, nayo haiwezi kukusamehe. Siku hizi nikisoma utafiti wenye tokeo moja la kung'aa, huuliza kwanza ni mangapi yaliyojaribiwa yakakaa kimya. Na kijana yule, ambaye hadi leo hajui jinsi alivyoponea chupuchupu, ndiye huniamkia kwa furaha kuliko wote nikifika Ngamiani.

8. Hesabu haiinyooshi mizani

Mwisho wa wiki nilimwita shangazi nimsomee matokeo. Alisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni, kanga begani. Nilipofika kwenye 978 hadi 998 alinikatiza.

"Hiyo mizani yako, baba, nani kaigonga muhuri?"

Sikuwa na jibu. Alikwenda kaunta, akaleta jiwe lake la kilo moja, lile ambalo Wakala wa Vipimo huja kulikagua, akaliweka juu ya mizani ya mwoka keki. Kioo kikaandika 989. Akalitoa, akalirudisha: 989. Mara ya tatu: 989.

Wiki nzima nilikuwa nimepima upungufu wa mizani yangu nikauandika kwa jina lake. Kila kifuko kilikuwa kimekatwa gramu 11 kabla hata ya kuingia daftarini. Mchepuko wangu ulikuwa sawa, kosa sanifu lilikuwa sawa, p ilikokotolewa bila doa. Hakuna mstari hata mmoja wa hesabu ile uliokuwa na jicho la kuiona mizani. Masafa ya imani hubeba mashaka ya aina moja tu, yale yanayotokana na kuchomoa baadhi badala ya wote. Mizani iliyopinda, swali lililoulizwa vibaya, watu waliokataa kujibu: hayo yote hukaa nje ya masafa. Ningepima vifuko 10,000 kwa mizani ile ningepata masafa membamba kama uzi, yakiizunguka namba ya uongo kwa kujiamini kukubwa zaidi.

Nilirekebisha. Wastani 999, masafa 989 hadi 1009, p zaidi ya 0.8.

"Kwa hiyo sasa unasema sipunji?" aliuliza.

"Nasema sina ushahidi kwamba unapunja, shangazi. Na kama unapunja, data yangu haipatani na zaidi ya gramu 11 kwa kilo, kwa utaratibu unaokosea mara tano katika mia. Hata kuongeza gramu 9 kunawezekana."

Alinitazama kitambo. "Wiki nzima, mwanangu, na mwisho wake ni 'kama' na 'sina'?" Akacheka, akamwendea mteja aliyekuwa anagonga kaunta kwa sarafu.

Nilimwomba radhi jioni ile, naye akanituma nikanunue mkaa, jambo ambalo kwetu ndilo hati ya msamaha. Ripoti niliyoipeleka chuoni ilikuwa na matokeo yote mawili, kabla ya jiwe na baada ya jiwe, pamoja na orodha ya malinganisho yote niliyoyajaribu. Na ukurasa wa mwisho nililijibu lile swali la kalamu nyekundu lililokuwa likinisubiri tangu mtihani: nilimhukumu shangazi yangu, kwa kosa la mizani niliyoazima.